Msala wa ukindu uliotiwa ukili mpya: mwaka na miezi miwili ya kuutumia

Watu watatu wameniuliza, kila mmoja kwa wakati wake, msala ninaosalia nimeununua wapi. Wawili waliuona nilipokwenda nao kwenye tarawehe, wa tatu aliukuta umetandikwa chumbani kwangu siku aliyokuja kunijulia hali. Nikawa nawajibu juu juu. Ukweli ni kwamba sikuununua. Niliupeleka kushonwa, na aliyeushona ni bibi mmoja wa njia ya Pangani anayesuka mikeka barazani kwake. Hana duka, hana kibao. Nimeona niandike yote mara moja: kazi yake, bei yake, na jinsi msala huu wenye kiraka ulivyonifaa kuliko ule mpya wa bei kubwa.

Nianze na huo wa bei kubwa, maana najua wengi wenu mnao.

Mume wangu alifariki mwezi wa sita mwaka 2022. Nilikaa eda miezi minne na siku kumi, na nilipotoka, mdogo wangu wa kike akanichukua tukaenda mjini, kwenye duka moja la vitu vya ibada. Nikarudi na msala wa mahameli, mnene kama tandiko la mtoto mchanga, sponji ndani, picha ya Kaaba katikati na minara miwili kila upande, yote kwa nyuzi za dhahabu. Shilingi 45,000. Ndani ya mfuko mlikuwa na dira ndogo ya plastiki ya kutafutia kibla. Kijana aliyeniuzia akaniambia, "Mama, ukisujudu juu ya huu, magoti yako hayatajua kama yamefika chini." Hakusema uongo. Nilikuwa na miaka hamsini na sita na nimesimama darasani miaka thelathini, magoti yangu yalikuwa na haki yao.

Kasoro zikaanza kuonekana taratibu. Nyumba yetu ina marumaru, na msala ule haukutulia juu ya marumaru. Ukienda kwenye sijida unasogea mbele kidogo, ukiinuka umesogea tena, ukimaliza rakaa nne uko umbali wa kiganja kutoka pale ulipoanzia. Kaskazi ya Tanga mnaijua. Mahameli yanashika jasho la uso na la mikono, na mwezi wa pili tu ukawa na harufu. Niliufua, ukachukua siku mbili kukauka, na sponji haikurudi kama ilivyokuwa. Ilipofika miezi mitano, pale penye magoti palishabonyea na pembeni pamebaki pamevimba. Ile dira sikuitumia hata siku moja. Hapa Tanga kibla ni kaskazini, karibu nyoofu kabisa, kwa sababu sisi na Makka tupo takriban kwenye mstari mmoja. Kila mtoto wa mtaani kwetu anajua aelekee ukuta gani.

Ila kasoro iliyonishinda ilikuwa ile picha. Nasoma Alhamdu, macho yapo pale pa kusujudia kama tulivyofundishwa, na pale pa kusujudia pana minara. Nikajikuta nazihesabu pete za minara. Kushoto pete tano, kulia nne, aliyetarizi alikosea. Kila sala nikawa naliona lile kosa. Tuna hadithi inayojulikana sana, kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alisali akiwa amejitanda nguo yenye nakshi, jicho likaenda kwenye nakshi, na alipomaliza akaagiza nguo ile apelekewe Abu Jahm na yeye aletewe ya Abu Jahm isiyo na mapambo. Kama yeye nakshi ilimvuta jicho, mimi ni nani?

Hata hivyo haki isemwe. Tatizo langu halikuwa mahameli peke yake. Niliununua msala ule ili nisiuguse mwingine uliokuwa nyuma ya mlango wa chumba chetu.

Huo mwingine ulikuwa wa marehemu. Msala wa ukindu wa kizamani, ule wenye umbo la yai, rangi ya ukindu wenyewe na kili mbili za zambarau kuzunguka pindo (ukili ni ule utepe mrefu unaosukwa, kisha tepe zinashonwa pamoja kuwa mkeka). Alikuwa nao kabla hatujahamia nyumba ile, ni zaidi ya miaka ishirini. Asubuhi ya mwisho aliuviringisha mwenyewe akausimamisha nyuma ya mlango, na mimi nikauacha pale pale. Nikifagia, nafagia kuuzunguka. Wajukuu wakija, nawaambia wasicheze chumbani. Mwaka ukapita, ukapita na nusu.

Nami kila usiku nilikuwa na neno moja tu. Lau.

Niwaeleze, kwa sababu bila hilo mtaona nasifia kipande cha mkeka bure. Ilikuwa Jumapili. Asubuhi aliniambia mguu wa kushoto umekufa ganzi. Nikamwambia alale kidogo, labda ameulalia vibaya, mimi naenda kwenye harusi ya jirani, nitarudi na pilau. Nilirudi saa tatu baadaye. Kilikuwa kiharusi. Hospitali walifanya waliloweza, akakaa siku mbili, akaenda. Tangu hapo: lau ningemwangalia uso, lau ningemwambia anyanyue mkono, lau nisingekwenda harusini, lau pilau ile isingechelewa. Nasimama kwenye sala nasoma, ulimi unakwenda wenyewe, na moyoni naipanga upya ile Jumapili. Nikitoa salamu sijui nimesali rakaa ngapi. Sikuacha sala hata moja, nashukuru, lakini nilikuwa nazimaliza kama mtu anayelipa deni apate kuondoka.

Nilikwenda kwa daktari pia, kwa sababu usingizi ulikuwa umekatika na presha imepanda. Alinisaidia, na aliye na hali kama ile namwambia aende, asione haya. Kuna sehemu, lakini, ambayo kidonge hakikuifikia.

Mwezi wa nane mwaka 2024 binti yangu alikuja kutoka Dar es Salaam, akaufungua ule mlango kwa nguvu, msala ukaanguka ukajikunjua wenyewe sakafuni. Ndipo nikaona. Pale pa paji la uso palikuwa pametoboka, tundu la kutosha kiganja. Pa goti la kushoto pamekatika, nyuzi zimesimama. Nilikuwa nimeishi naye miaka yote ile, na sikuwahi kuuona msala wake ukiwa umetandazwa bila yeye juu yake.

Binti akasema, "Mama, huu hausaliki tena." Nikasema utashonwa. Nilishangaa mwenyewe kulisikia neno hilo likitoka.

Sokoni nikauliza akina mama wanaouza mikeka, wawili watatu wakacheka kwa upole, siku hizi hakuna anayeshona mkeka wa zamani, watu wananunua mpya. Mmoja akanielekeza kwa bibi. Nikapanda gari la Pangani, nikashuka njiani, nikatembea hadi kwenye nyumba yenye vicha vya ukindu vimeanikwa juu ya kamba, vingine vyeupe, vingine vimetoka kwenye sufuria ya rangi vinadondoka matone ya kijani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Kaa."

Nikakaa juu ya jamvi. Mkono wake haukusimama kusuka. Ukili unatoka chini ya vidole vyake unajiviringa pembeni. Akaupokea msala, akautandaza mapajani, na hakuniuliza kitu. Akapitisha kidole kutoka kwenye tundu la paji hadi kwenye magoti, kama fundi cherehani anayepima. Kisha akasema, "Alikuwa mrefu huyu." Nikanyamaza. "Na goti la kulia lilikuwa likimuuma. Mzigo wote ameutupa kushoto, tazama."

Ilikuwa kweli. Aliumia goti la kulia ujanani, akicheza mpira. Hakuna aliyekuwa amelitaja goti lile tangu tulipomzika.

"Ni nani yako?"

"Mume wangu."

"Yupo?"

"Hayupo, bibi."

"Mola amrehemu." Akarudi kwenye msala. Akanionyesha kwamba atafumua mshono, atakata kile kipande cha ukili chenye tundu na kile cha goti, atasuka vingine vya upana ule ule, vidole vinne, avishone ubavu kwa ubavu na vya zamani. Wiki mbili. Shilingi 7,000. "Ila havitafanana," akasema. "Ukindu wa leo mweupe, huu umeshaiva, umekuwa chai ya maziwa."

Nikamuuliza kama hawezi kuutia rangi kidogo ufanane. Nilimwuliza mara mbili, kwa maneno tofauti. Nilitaka urudi kama ulivyokuwa, hilo ndilo lililonitoa nyumbani. Akaniambia rangi itadanganya macho mwezi mmoja, miwili, halafu itapauka kivyake na kiraka kitaonekana kibaya zaidi. Kisha akaacha kusuka, mara ya kwanza tangu nifike, akanitazama.

"Mwanangu, ukitaka ule wa zamani, ule umekwisha. Ukitaka wa kusalia, nitakushonea."

Nikamwambia nishonee.

Niliporudi baada ya wiki mbili ulikuwa tayari. Mshono nimeukagua kwa jicho la mwalimu aliyekagua madaftari maisha yake yote, na sina la kusema. Anashonea shazia, ile sindano kubwa, na uzi wake ni ukindu wenyewe uliochanwa mwembamba, si nailoni. Ukipitisha kiganja husikii ukingo kati ya ukili mpya na wa zamani. Ukitazama, unauona tangu mlangoni: mstari mweupe pa paji, mweupe mwingine kushoto. Vile vipande alivyovitoa alikuwa ameviweka kando. Akaniuliza kama navitaka. Nikavishika. Kile cha paji kilikuwa laini kama kitambaa, kimekuwa cheusi kidogo kwa mafuta ya ngozi. Nilikishika kitambo, wala hakunihimiza. Kisha nikamrudishia, akavitupia kwenye kikapu cha mabaki ya kuwashia moto, akaniuliza nitakunywa chai au maji.

Wakati wa kuondoka akanipa maelekezo ya kuutunza. Usiukunje, uviringishe. Usiuanike jua la mchana, unakatika. Usiufue. Na wakati wa kaskazi, kila baada ya siku tatu nne, unyunyizie maji kidogo kwa vidole, usilowanishe, ulainike. Hilo la mwisho nilikuwa ndani ya gari narudi nilipokumbuka wapi nimelisikia. Chuoni, yaani madrasa, tulisomeshwa hadithi ya Anas bin Malik: bibi yake Mulayka alimwalika Mtume kwenye chakula, na alipotaka kuwasalisha, Anas akauchukua mkeka wao uliokuwa umeshakuwa mweusi kwa kukaliwa siku nyingi, akaunyunyizia maji, Mtume akasimama juu yake wakasali nyuma yake. Mkeka mkuukuu, mweusi, na maji. Nimeisoma hadithi hiyo tangu mtoto na sikuwahi kuuona ule mkeka hadi siku ile, kwenye gari la Pangani, na msala umesimama katikati ya magoti yangu.

Sasa matumizi.

Wiki mbili za kwanza ni ngumu kwa aliyezoea sponji. Ukili mpya ni mkavu, unachoma. Ukiinuka kutoka tahiyatu, magoti yana alama za msuko, misalaba midogo midogo, na paji la uso pia. Kwa magoti yangu niliweka kanga iliyokunjwa chini ya msala, siyo juu, na hapo nikapata unafuu. Hautelezi kwenye marumaru kama ule mwingine, unakamata. Hauna joto. Ukiunyunyizia maji alfajiri unatoa harufu ya majani mabichi na vumbi la mvua ya kwanza, kidogo tu, inakwisha kabla hujamaliza rakaa mbili za sunna. Na hauna cha kutazama. Jicho linafika chini linakuta msuko, msuko, msuko, linatulia.

Kuhusu ule mstari mweupe nilikuwa na hofu kwamba utakuwa kama pete za minara, kila sala jicho litakwenda pale. Siku za mwanzo ilikuwa hivyo. Nikisujudu, paji langu linashukia pale pale alipokuwa anashushia yeye, kwenye kitu ambacho yeye hakukigusa. Nililia juu yake mara nyingi, siwezi kuficha. Lakini kilio kile kilikuwa tofauti na cha usiku. Cha usiku kilikuwa kinapanga upya ile Jumapili. Hiki hakikuwa na Jumapili ndani yake, kilikuwa na yeye tu.

Nikaanza kukaa baada ya alfajiri. Adhana kwetu ni saa kumi na moja na kitu, jua linachomoza karibu saa kumi na mbili na robo, kwa hiyo kuna muda mzuri kama una nia. Uradi wangu ni mfupi, tasbihi thelathini na tatu, tahmidi thelathini na tatu, takbiri thelathini na nne, istighfari, kisha nasoma kidogo. Na katika kukaa huko ndipo nilipopambana na lau. Mtume alitukataza tusiseme lau ningefanya hivi ingekuwa hivi; tuseme Mungu amekadiria, na alilolitaka amelifanya, kwa sababu lau inamfungulia shetani kazi. Kwa Kiarabu neno ni hilo hilo lau, sisi tumelichukua zima zima tukaliingiza kwenye lugha yetu, na mimi nililiingiza kwenye kila usiku wangu. Basi nikaweka bakuli la choroko pembeni ya msala. Lau ikija moyoni, nasema Qaddarallahu wa maa shaa-a fa'al, nahamisha punje moja kwenye kisahani. Hii si sunna wala sikufundishwa na mtu, ni hesabu ya mwalimu wa hesabu. Asubuhi ya kwanza punje zilikuwa thelathini na moja. Wiki iliyofuata zikawa arobaini, nikakata tamaa, nikadhani nimezidi kuharibikiwa. Kumbe nilikuwa nimeanza kuzisikia. Mwezi wa tatu zilikuwa zinacheza kati ya kumi na kumi na tano. Siku hizi kuna asubuhi kisahani kinabaki kitupu, na kuna asubuhi, hasa Jumapili, kinapata punje nne, tano. Sijifanyi kwamba zimekwisha.

Kilichonishangaza ni kwamba mlango haukufunguka kwa sala ndefu. Nilijaribu tahajudi usiku wa manane nikiwa kwenye ule msala wa mahameli, nikasoma sana, nikarudi kitandani na Jumapili yangu. Kilichonifaa ni zile tano za kila siku, mahali pamoja, chini pamoja, hata siku ambayo moyo haupo. Adhuhuri ambayo huisikii. Alasiri umechoka, chungu kipo jikoni. Unashuka, unakuta msuko ule ule na ule mstari mweupe, unasema Subhana Rabbiyal A'ala mara tatu, unainuka. Mtume alikuwa akimwambia Bilali, mwadhini wake, awapumzishe kwa sala. Mimi nilidhani kupumzika kutakuja siku nitakapoelewa kwa nini. Sijaelewa kwa nini. Kupumzika kumekuja tu, kidogo kidogo, huku swali likiwa pale pale nyuma ya mlango, na siku hizi nafagia hadi nyuma ya mlango.

Kasoro za msala wa ukindu nazitaja bila kuficha. Unapitisha vumbi, kwa hiyo unakung'uta msala na unafagia chini yake kila siku. Masika ya mwaka huu uliota ukungu upande wa chini. Niliufuta kwa kitambaa kikavu nikausimamisha kwenye upepo wa dirishani siku nzima, ukatoka, lakini doa moja limebaki. Ncha za ukindu mpya zinakamata nyuzi za vazi la buibui likiwa jepesi, angalieni. Kwenda nao safari ni kazi, hauingii kwenye begi, unaubeba kwapani kwenye daladala na kila anayepita anaugonga. Mwenye safari nyingi anunue cha kitambaa chepesi. Na mwenye magoti yaliyokwisha kabisa asijilazimishe kwa sababu amezisoma sifa zake hapa. Sahaba Imran bin Huseini alipougua aliambiwa na Mtume asali kwa kusimama, asipoweza akae, asipoweza alale ubavu. Dada yangu mkubwa anasalia kwenye kiti mwaka wa tatu sasa, na ule msala wangu wa mahameli nimempa aweke chini ya miguu, umemfaa sana.

Jirani yangu ni Mkristo, ndiye aliyekuwa akiniletea uji siku zote za eda. Aliuona msala, akakaa chini akaugusa ule mshono, akaniuliza kama bibi anaweza kumsukia kitanga cha kupigia magoti pembeni ya kitanda, anaposali rozari usiku. Alimpoteza mtoto mwaka mmoja kabla yangu. Bibi alimsukia cha mviringo, shilingi 6,000, akakiweka ukili mara mbili kiwe kinene. Taa yake naiona dirishani saa nne usiku, na ninajua yupo juu ya kitanga.

Bei za bibi kwa sasa ni hizi: msala mpya usio na rangi 15,000, wenye pindo la rangi 20,000, kushona wa zamani inategemea tundu. Mpya unaagiza na unasubiri wiki tatu hadi mwezi. Masika hapokei kazi, ukindu haukauki. Ijumaa hapokei mtu. Binti yangu aliagiza wake na akataka asukiwe jina lake katikati, bibi akakataa, akasema mkeka wa kulalia atauandika chochote, hata mafumbo, lakini wa kusalia hauandiki, jicho litausoma. Binti alinuna kidogo. Amekuja kuuchukua mwezi uliopita, mweupe mtupu, ameutandika Dar es Salaam kwenye chumba cha kupanga.

Jina la bibi na kijiji chake siandiki, hakunipa ruhusa, na hana simu. Akina mama wa mikeka sokoni watakuelekeza. Nenda baada ya alasiri, mchana anapumzika. Ukifika mwambie umetumwa na mwalimu wa msala uliotoboka. Usianze kumweleza una shida gani, mpe msala wako autandaze mapajani, ayaangalie magoti.